Mahamri ya kichochoroni Langoni, na vile mama wa pale alinizuia nisifunge duka

Hii nimeahidi kuiandika kitambo na kila siku nasema kesho, leo nimekaa kitako. Ni kuhusu mkahawa wa mama mmoja hapa Lamu, hauna kibao wala jina, watu wanasema tu kwa mama wa mahamri. Yeye mwenyewe nilipomwambia nataka kuandika akanambia andika chakula, mimi niwate. Ntajaribu lakini kwa kweli hicho chakula hakitengani na yeye.

Ukiwa Mkunguni pale mbele ya ngome shika njia kuu ya ndani uelekee Langoni, usipite ya baharini, halafu ukiingia vichochoroni utanusa iliki kabla hujaona mlango. Ni daka la nyumba yao tu, yani ule ukumbi wa mlangoni, baraza mbili za mawe zinatazamana, meza moja ndani, majiko matatu ya makaa uani. Punda wakipita wamebeba mchanga, wewe unakunja miguu unaendelea kula.

Nianze na mahamri manake ndo yanayonitoa kitandani. Unga unakandwa kwa tui zito, iliki anaitwanga mwenyewe kwa kinu, unalazwa usiku, asubuhi ndo unakatwa na kutiwa mafutani. Likitoka lina moto ukilipasua mvuke unakupiga usoni na ndani ni tupu kama mfuko, sio lile la kukaa tumboni kama jiwe. Mbaazi zake sasa mashallah, tui la kwanza analitia mwisho kabisa sufuria ikikaribia kuepuliwa na anakoroga pole pole bila kuacha ndo maana halikatiki, unapata rojo zito la manjano na pilipili mbichi nzima juu unaibonyeza kidogo kidogo vile unavopenda. Hamri shilingi 10, sahani ya mbaazi 50, chai ya maziwa 30. Kwa shilingi 120 mi nashiba mpaka adhuhuri.

Sasa niwaambie kwa nini huu mkahawa ni zaidi ya chakula kwangu.

Mi nauza madera, leso na manukato, kaduka kadogo tu ka kukodi. Mwisho wa 2023 zile mvua za El Nino mnazikumbuka, barabara ya Garsen ikakatwa na maji, magari hayapiti. Mzigo wangu ulikua ndani ya lori moja, madera 90, nimenunua kwa pesa za mchezo zamu yangu ilipofika. Siku zikapita, nikipiga simu naambiwa subiri, ulipofika jeti ya Mokowe mwishowe nikafungua gunia nikasikia harufu ya ukungu, rangi za nyekundu zimeingia kwenye nyeupe, zingine zimeota madoa meusi. Mwenye lori akasema mvua ni ya Mungu, na hakunilipa hata thumni. Nilirudi nikafunga mlango wa duka na nia ya kutoufungua tena.

Asubuhi yake nikaenda kunywa chai pale barazani, nimewekewa mahamri yamepoa sijagusa. Mama akaja akakaa ubavuni mwangu na mikono bado ina unga, akauliza una nini mwanangu, nikamwambia yote huku nalia. Nlidhani atanambia pole, ni kadari, subiri. Akauliza, "Mangapi yameharibika na mangapi yavalika?" Nikasema sijui. Akasema, "Hujahesabu, na walia?" Akanipa kalamu na kipande cha karatasi ya unga, akanambia nenda kahesabu uniletee.

Nikaenda nikahesabu jamani. 34 hayafai kabisa, 56 ukiyafua na kuyaanika yanavalika. Karatasi nikampelekea. Akasema hayo 56 usiyauze kwa bei ya mapya ukawadanganya watu, sema wazi yameloa, punguza, yaende upesi upate pesa ya mkononi, na hayo 34 kata ushone mito na vitambaa vya meza. Ndo nilivofanya. Mtaji sikuurudisha wote lakini nlirudisha wa kuanzia tena, na wale wateja nliowaambia ukweli ndo mpaka leo wananitumia wenzao.

Baadaye ndo akanihadithia yake, kidogo kidogo, siku nyingi, kila nikienda. Zamani alikua anauza jioni, mishkaki na viazi vya rojo baada ya maghrib, wageni kutoka Shela na wa humu mjini. Ikaja 2011 mambo ya kutekwa watalii Kiwayu na Manda, Uingereza ikaonya watu wake wasije, wageni wakakatika. Akabaki na wenyeji. Ikaja 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni kafyu ikawekwa kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni mpaka asubuhi, ikawa inaongezwa mwezi baada ya mwezi, yani saa zake zote za biashara zikafutwa. Na wavuvi hawatoki usiku so samaki hakuna au ni ghali. Hebu fikiria wewe, umezoea kuuza usiku na usiku umefungwa. Ndo hapo akageuza jiko akaanza asubuhi, mahamri na mbaazi, vitu ambavyo havingoji samaki wala mtalii. Haya mahamri ninayoyasifu hapa yamezaliwa na kafyu.

Halafu Machi 2020 korona, ndege za nje zikasimamishwa, kafyu tena ya saa moja usiku, na Ramadhani ikaingia humo humo. Watu wanafuturu majumbani. Mjukuu wake akamfungulia kigrupu cha WhatsApp cha mtaa, mtu anaagiza kaimati, sambusa, mkate wa kumimina tangu asubuhi, alasiri vijana wanapeleka mlango kwa mlango. Kile kigrupu kipo hadi sa hii, na msimu wa kusi bahari ikichafuka na mji ukiwa mkavu hauna wageni ndo kinachomshikilia.

Kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu. Kuna kopo la maziwa la bati juu ya kabati, kila asubuhi shilingi 100 ya kwanza inaingia humo kabla hajajua kama siku ni nzuri au mbaya, na halifunguliwi kwa harusi wala sikukuu, ni la siku jiko likizimika tu. Na daftari la deni ana kikomo, mtu akifika 500 hapewi tena hata awe jirani, anaambiwa kwa upole lipa nusu tuendelee. Mi nlikua nakopesha madera kwa haya za watu mpaka nadai elfu 20 na zaidi halafu nashangaa duka halina pesa. Nimenunua kopo langu.

Nisiwadanganye lakini, yeye nyumba ni yao, halipi kodi. Sisi ambao kila tarehe 5 mwenye duka anabisha hodi ni shida zaidi, na kumwambia mtu jikaze tu jikaze tu bila kuangalia anabeba nini si haki. Niliwahi kuhudhuria semina moja ya ujasiriamali siku nzima tukaambiwa amka mapema uwe na ndoto kubwa, hakuna aliyeniuliza nimekopesha ngapi wala nina akiba ya siku ngapi. Huyu mama aliuliza siku ya kwanza. Kwa hivo mtu akinambia ustahimilivu wa biashara mi naona ile karatasi ya unga.

Turudi kwa chakula. Mchana kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, 300, changu au tafi kulingana na bahari, anachomwa kwanza kwa makaa ndo anapakwa lile rojo la nazi na ukwaju, ngozi bado inatoa moshi. Kaskazi samaki ni mkubwa, kusi ni mdogo na siku zingine hakuna, na yeye hakuwekei wa barafu, anakwambia leo ni kunde. Nazi ilipopanda bei alipunguza idadi ya sahani, tui hakulitia maji. Nlimuuliza kwa nini, akasema aliyeonja jana atajua.

Mapungufu yapo. Nafasi ni ya watu kumi tu, utasimama. Ukiwa na haraka ya boti usiende, hakimbizwi mtu wala sufuria. Mtandao ndani ya vile vichochoro ni dhaifu, M-Pesa inaweza kukataa, beba noti ndogo. Na juisi ya ukwaju kwangu ina sukari nyingi, nimemwambia, hajapunguza.

Mahamri yanaanza saa kumi na mbili unusu na saa tatu yamekwisha. Ijumaa kuna biriani, tuma agizo Alhamisi manake watu wakitoka msikitini sufuria tayari inaoshwa.