IIT Madras Zanzibar: kozi ziko vizuri, ada ndo mtihani

Wanaomaliza form six wenye PCM na wanapenda kompyuta someni hapa. Hii kampasi ya IIT Madras (IIT ni vile vyuo vikuu vya teknolojia vya India) ilifunguliwa 2023 pale Bweleo, Unguja, na ndo IIT ya kwanza kabisa kuwekwa nje ya India, halafu mkuu wake wa mwanzo ni mama, Profesa Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote ile, mi hiyo peke yake imenifurahisha sana.

Walianza na kozi mbili tu, degrii ya miaka minne ya Sayansi ya Data na Akili Mnemba na masters ya fani hiyohiyo ya miaka miwili. Kuanza na chache nimekubali, maana vyuo vingine vinajaza kozi mpya kwenye prospektasi, ukifika maabara hamna na walimu ndo wanatafutwa. Baadae wakaongeza masters ya miundo ya baharini, na hii kwa Zanzibar imekaa penyewe kabisa, sisi tumezungukwa na bahari, serikali kila siku inaimba uchumi wa buluu, sasa nani atajenga hizo bandari na magati kama sio vijana wetu?

Kuingia sio lelemama, kuna mtihani wa mchujo alafu intavyuu, hesabu zipigwe haswa.

Shida ada. Degrii walianza na dola 12,000 kwa mwaka jamani, mtoto wa mvuvi wa Kizimkazi anazitoa wapi bila skolashipu? Kwenye ubora nawapa nyota nne, kwenye bei mbili.