TAHADHARI: Amplifaya za "valvu" za hamonika zinazouzwa Kisumu na Nakuru ni feki

Wapiga hamonika wenzangu wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, kuna jamaa anayezunguka na amplifaya ndogo za gitaa, zile za mazoezi, akiziuza kama amplifaya maalum za hamonika. Msimtumie hata shilingi. Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki, na kila ninayoletewa siku hizi imetoka kwake. Inaniuma kwa sababu wanaonunua ni vijana waliojinyima ili wapate sauti ile nzito ya bluzi.

Anataka shilingi 22,000. Anaapa kwamba ndani kuna valvu, yaani vile vichupa vya kioo vya zamani vinavyokuza sauti, na kwamba ndiyo aina aliyoitumia Little Walter, mpiga hamonika maarufu wa bluzi, kule Chicago miaka ya 1950. Nimezifungua. Ni saketi ya transista, vile vipande vidogo vya kisasa vinavyokuza sauti bila valvu, na spika ya inchi 6, pamoja na vichupa viwili vya kioo visivyounganishwa na chochote, vinavyomulikwa kwa chini na taa za LED za rangi ya chungwa. Amplifaya za gitaa za transista zilianza kuuzwa miaka ya 1960, kwa hivyo hata hiyo hadithi yake haisimami.

Huhitaji bisibisi kuzitambua. Valvu halisi lazima ipate moto kwanza: unawasha, kimya kwa sekunde kadhaa, kisha sauti inapanda polepole. Hizi zake hulia papo hapo. Pia ni nyepesi mno; amplifaya ya valvu, hata ya wati 5, hubeba transfoma za chuma na ukiiinua utajua. Ukiipata ya valvu kweli, usiifungue mwenyewe. Umeme unaobaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi unaweza kuua.

Kinachonitia hofu zaidi ni stima. Baadhi zilitengenezewa Marekani, volti 120. Amekata waya, akafunga plagi yetu ya miguu mitatu, kisha akabandika stika juu ya maandishi ya nyuma. Sisi tunatumia volti 240! Moja ilifika kwangu transfoma ikiwa imeungua, na kijana aliyeinunua alikuwa ameiwasha kanisani, karibu na mapazia. Ndiyo maana huyu jamaa hukutana na watu stejini tu, pasipo na soketi, na ukiomba kuijaribu anasema matatu inamwacha. Stika yoyote iliyobandikwa juu ya maandishi ya volti, ibanduke mbele yake.

Halafu kuna maiki anayoiuza pamoja nayo, yenye umbo la risasi. Ndani ni kidude cha maiki ya karaoke. Tundu la gitaa kwenye amplifaya limetengenezewa kifaa chenye impidansi (ukinzani wa umeme wa sauti) kubwa, na hicho kidude kina ndogo, kwa hivyo sauti hutoka dhaifu na nyembamba. Ukiongeza geini (nguvu ya sauti inayoingia), spika inaanza kupiga mluzi. Anajua utamrudia ukilalamika, na hapo ndipo anapokuuzia "buster", kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti, ya shilingi 4,000.

Sisemi kwamba amplifaya ya mazoezi haifai hamonika. Inafaa, na yoyote ya bei nafuu unayoijaribu dukani itakutosha kuanzia. Tafuta maiki ya impidansi kubwa, au uweke transfoma ndogo ya kulinganisha impidansi kati ya maiki ya kawaida na amplifaya. Zima chaneli ya distoshoni, shusha geini na trebo, ongeza besi kiasi, kisha pandisha volyumu kuu taratibu. Usisimame mbele ya spika, kwa sababu ukifumba maiki kwa viganja mluzi huja upesi. Ukumbini, iweke juu ya kiti na uitegee maiki ya pili inayokwenda kwenye spika kubwa.

Kama umeshamtumia pesa kwa M-Pesa sasa hivi, peleka ule ujumbe wa malipo kwa 456 mara moja, kabla hajazitoa. Kisha uende kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio), ukiwa na picha ya amplifaya na meseji zake zote. Mliouziwa Bungoma na Kakamega, msizitupe na msiziwashe. Zileteni kama zilivyo, stika ikiwa bado ipo, maana ndiyo ushahidi wenyewe.