Besi yangu ya mninga na fundi aliyepuliza vanishi mvua ikinyesha

Naandika hasira hazijanitoka. Kama una gitaa ulilolichonga mwenyewe, au hata stuli tu unayoithamini, usimpelekee fundi huyu wa kupuliza vanishi huku Keko, Dar es Salaam, hasa masika. Jina lake silitaji. Nasema yaliyonikuta.

Kiwiliwili cha gitaa hili la besi nimekitengeneza kwa mninga wa kitanda cha marehemu bibi yangu, kilichotoka Tabora. Mbao za kitanda nilizipiga randa, nikaziunganisha kwa gundi, kisha nikawa nachonga jioni nikitoka kazini, miezi kadhaa. Mninga uliokaa miaka mingi ndani ya nyumba umeshatulia, haupindi ovyo. Msasa nilianza na namba 120, nikaja 180, nikamalizia 320, nikifuata nyuzi za mbao kila mara, na vumbi la mninga linavyowasha pua anajua aliyelivuta. Upande wa mbele, pale chini ya nyuzi za gitaa, ulitokea mchirizi mmoja wa dhahabu katikati ya ule wekundu, mrefu kama kiganja. Nilipoupangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo nione utakavyokuwa ukishapigwa vanishi, nilikaa chini nikautazama tu. Nikamwita mama naye aje auone.

Mimi kompresa, ile mashine ya upepo ya kupulizia, sina. Nikaulizia, nikaelekezwa kwake. Tukakubaliana laki moja na nusu, nikatanguliza laki. Mawingu yalikuwa yameshatanda siku hiyo, nikamuuliza wazi: "Kaka, hizi mvua hazitaharibu kazi?" Akanijibu bila hata kuinua macho, "Mvua haina neno, bosi. Hapa tunapuliza mwaka mzima."

Siku niliyokwenda kuchukua, nilidhani ni vumbi. Uso mzima wa mbele ulikuwa na ukungu mweupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Nikafuta kwa shati. Haukutoka. Nikapitisha kidole: laini kabisa, hakuna kilichokaa juu. Weupe ulikuwa ndani ya vanishi yenyewe. Mchirizi wangu wa dhahabu hauonekani, yaani unaona kitu kama maziwa yaliyomwagwa juu ya mbao.

Hili si jambo la ajabu kwa mtu wa kazi hiyo, na hapo ndipo panaponiuma. Vanishi hii ya kupuliza hukauka kwa thina yake kuruka, yaani kugeuka mvuke. Thina ikiruka kwa kasi, uso wa mbao unapoa ghafla, na hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanatua pale kama umande na kunaswa ndani kabla mkono ule wa vanishi haujakauka. Hata kijana anayejifunza kupuliza makabati anafundishwa kwamba mvua ikinyesha unaweka bunduki ya kupulizia chini. Ukilazimika sana, unatumia thina inayoruka polepole ili unyevu upate muda wa kutoka. Yeye hakufanya hata moja kati ya hayo. Kijana wake ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kulikuwa na makabati ya jiko ya mteja mwingine yanayotakiwa kesho yake, kompresa imeshawashwa, basi na gitaa likapulizwa humo humo, mvua inapiga bati.

Nilipomwonyesha fundi mwenyewe, akasema hiyo ndiyo rangi ya mbao. Nikamwambia mbao hii naijua, nimelala juu yake nikiwa mtoto. Ndipo akasema neno ambalo mpaka leo linanirudia usiku: "Kwani nani atatazama ubao? Watu wanasikiliza mlio."

Nilibeba gitaa langu nikaondoka. Sikuaga.

Sasa nimtendee haki. Mgongo wa besi hii ni kazi safi mno. Aliupuliza siku mbili kabla, jua likiwaka, na sijaona magitaa mengi ya dukani yenye mgongo kama huo. Vinyweleo vya mninga vimezibwa sawasawa kwa sanding sila, hakuna machozi ya vanishi pembeni, ukiinamisha unaona taa ya dari imekaa ndani yake imetulia. Ubao wa freti, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, ambao ni mpingo na hauhitaji vanishi yoyote kwa sababu ukisuguliwa kwa msasa laini unang'aa wenyewe, aliufunika kwa tepu ya karatasi kama nilivyomwomba, haukuguswa na tone. Pale shingo inapoingia napo alipaziba, ikaingia bila kulazimishwa. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele za watu nikasema hajui kazi. Nilitaka hata kuandika kwamba mkimpelekea kiangazi hamtajuta.

Lakini hapana, hilo nalifuta. Asiyejua ungemsamehe. Huyu mkono wake unajua, ameuonyesha mgongoni, halafu uso akautupa kwa sababu ya makabati ya mtu mwingine. Na nilimuuliza! Angeniambia tu "Njoo wiki ijayo," ningeondoka nikiwa nimefurahi.

Nilikuja kumpata mzee mmoja, fundi wa samani wa siku nyingi. Alilishika gitaa kwa mikono miwili, akaligeuzageuza, akasema, "Kijana, usilikwangue. Tungoje jua." Tukangoja zaidi ya wiki. Siku ilipokauka akapuliza thina ya polepole, kidogo sana, kama mvuke. Vanishi ya aina hii hulainika tena ikikutana na thina, hivyo unyevu ulionaswa unapata njia ya kutokea. Nilisimama pale pale nikiangalia. Weupe ulianza kuondoka kutoka ukingoni kuja katikati, taratibu, na ule mchirizi ukarudi. Nilitokwa na machozi mbele yake, naye akaendelea na kazi yake. Kiraka kimoja, kama sarafu, kimebaki karibu na pikapu ya chini, kile kinasa mlio cha nyuzi. Mzee anasema tukikilazimisha tutakula mbao, tukiache.

Yule wa kwanza amenipigia mara mbili akidai elfu hamsini iliyobaki. Jumamosi nitakwenda na gitaa begani, alione kwenye mwanga. Nitampa elfu ishirini na tano, ambayo ni ya mgongo.