Kamusi ya dhihaka ya mhafidhina: inakokata na inakokuwa butu

Kijitabu hiki hakina jina la mwandishi wala la mchapishaji. Kina kurasa 64 za ukubwa wa A6, kinaingia mfuko wa shati, na kwa wauza vitabu wa barabarani katikati ya jiji la Nairobi kinaenda kwa Sh300. Ndani yake ni kamusi ya dhihaka: maneno ya siasa na dini yanayovuma Kenya leo, yakifasiliwa na mhafidhina. Yaani mtu anayeamini kwamba familia ilikuwepo kabla ya serikali, kwamba shilingi ni ya aliyeitolea jasho, kwamba ibada haihitaji taa za rangi, na kwamba neno jipya likiletwa na mkubwa ni vyema kuuliza limekuja kufunika nini. Nusu yake naisifu kwa moyo wote. Nusu nyingine ilistahili kukatwa kabla ya kupelekwa mtamboni.

Mwandishi ameiga sura ya kamusi zetu za kawaida: kidahizo, yaani neno linalofasiliwa, kwa herufi nzito, aina ya neno (nm ni nomino), ngeli ndani ya mabano ya mraba, kisha fasili, na mara nyingine mfano wa matumizi. Uigaji huo si pambo. Fasili ya dhihaka huuma kwa sababu imevaa sare ya kazi. Msomaji anangoja maana ya darasani, anapokea ile ya mtaani. Sura ikivurugika, makali yanaisha. Ndiyo maana inaudhi kukuta haki imewekwa katika [li-/ya-] badala ya [i-/zi-], na vitenzi kadhaa vikiitwa nomino. Anayechezea kamusi sharti kwanza aijue kamusi.

Kidahizo bora kuliko vyote ni hiki:

harambee nm [i-/zi-] 1 (zamani) watu wengi kuinua mzigo mmoja. 2 (siku hizi) mtu mmoja kuinuliwa na mzigo wa wengi.

Tazama kilichofanyika hapo. Maneno ni yale yale: kuinua, mzigo, wengi, mmoja. Kilichogeuka ni nani yuko juu na nani yuko chini. Hakuna tusi, hakuna kivumishi cha kulaumu, hakuna jina la mtu. Maana ya kwanza inabeba heshima yote ya neno lililo kwenye ngao ya taifa, lililojenga shule za sekondari vijijini kwa michango ya wazazi wenyewe baada ya uhuru. Ya pili inahukumu kwa kuiweka tu kando ya hiyo ya kwanza. Huo ndio uhafidhina unaofanya kazi katika dhihaka: kipimo si chuki ya leo, ni kumbukumbu ya jinsi jambo lilivyokuwa likifanywa vizuri.

Na sheria zinamuunga mkono. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea maafisa mipaka ya kuchangisha fedha. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Hafla za kugawa pesa zikaendelea kwa jina jingine, nacho kijitabu kikalifuata jina hilo:

uwezeshaji nm [u-] kumrudishia mlipa ushuru sehemu ndogo ya ushuru wake, pamoja na picha ya aliyeushika njiani.

Vidahizo vya siasa za hapa nyumbani karibu vyote viko katika kiwango hicho. Hasla, yaani mtu wa kipato kidogo anayehangaikia riziki, ni “raia ambaye kabla ya uchaguzi mkokoteni wake hupigwa picha, na baada ya uchaguzi hupigwa marufuku.” Yeyote aliyewahi kuona kanjo, askari wa kaunti, wakipakia mikokoteni kwenye lori hahitaji maelezo zaidi. Nyumba nafuu ni “nyumba ambayo asiyeipata huilipia kila mwezi,” na fasili hiyo inasimama kwa sababu hesabu iko: makato ya mpango huo wa serikali ni asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine, mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho, na hayamuulizi mfanyakazi kama anataka nyumba au kama tayari anayo. Ushirikishwaji wa umma, ambao Katiba ya 2010 inaudai katika kifungu cha 10 na tena cha 118, umefasiliwa kuwa “kuulizwa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, soda ikiwa juu ya meza.” Soda ile ndiyo inayoibeba fasili. Kitu kimoja cha kushikika, ambacho kila aliyeketi kwenye hema la kaunti anakikumbuka, kina nguvu kuliko sentensi tatu za kulalamikia urasimu.

Kwenye dini mwandishi ana ujasiri wa kupigia nyumba yake mwenyewe, nami nampa heko kwa hilo. Mhafidhina mvivu angewacheka wasioamini akaishia hapo. Huyu anaanza na madhabahu:

mbegu nm [i-/zi-] pesa zinazopandwa na mwumini na kuvunwa na mhubiri, na msimu wa mavuno haumfikii kamwe yule aliyepanda.

Ingekatwa kwenye neno “mhubiri” ingekuwa kamili. Kilichofuata kinaeleza kilichokwisha kueleweka, na dhihaka ikielezwa hugeuka mahubiri. Kosa hili limerudiwa mara nyingi katika sehemu ya dini, bila shaka kwa sababu ndipo mwandishi alipoumia zaidi. Lakini anapojizuia, hana mpinzani. Nabii: “mtu anayeijua kesho ya kila mtu isipokuwa ya kesi yake.” Sadaka, maana ya pili: “ushuru unaorudi kwa mlango wa mbele wa kanisa baada ya kutoka kwa mlango wa nyuma wa hazina.”

Fasili hiyo ya sadaka si ya kubuni hewani. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu kwenye ibada za kanisa lake. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliagiza zirudishwe Sh2.6 milioni ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, pamoja na kukataa ahadi zilizoambatana nazo. Mhafidhina wa kweli alipaswa kuwa na kidahizo cha tendo hilo la kurudisha, maana ni nadra kuona upande wake ukishinda hadharani, na dhihaka isiyojua kusifu hata mara moja huchosha. Hakipo.

Kuna kimoja kingine cha dini ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uandishi akisome. Nchi isiyo na dini ya serikali imefasiliwa kuwa “nchi ambayo wimbo wake wa taifa ni dua, katiba yake inaanza kwa Mwenyezi Mungu na bunge lake halifungui kikao bila maombi.” Hayo yote ni kweli: kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya serikali, dibaji inamtambua Mungu tangu mstari wa kwanza, na “Ee Mungu nguvu yetu” tunaiimba sote. Mwandishi hakuongeza kitu. Amepanga mambo ya kweli kwa mfuatano, basi.

Sasa upande mbaya. Kidahizo cha mahakama ya kadhi kinasema mahakama hizo “ziliingizwa kwenye katiba mwaka 2010 tukiwa tumelala.” Si kweli, na uongo huo unaua kidahizo kizima. Mahakama za kadhi zilikuwa kwenye katiba ya uhuru ya 1963, kutokana na makubaliano yaliyofanywa na upande wa Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi. Katiba ya 2010 ilizibakiza katika kifungu cha 170, na mamlaka yake yakawekewa mpaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale wahusika wote wawapo Waislamu na wakikubali kesi isikizwe hapo. Mtu anaweza kuwa na hoja nzito dhidi ya mpango huo, na wengi walizitoa kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Lakini mhafidhina anayekosea tarehe ya jambo la kale amepoteza silaha yake pekee. Msomaji Mwislamu wa Eastleigh au South C atafunga kijitabu hapo hapo, na atakuwa na haki.

Halafu kuna kurasa zipatazo 15 zilizoagizwa kutoka Marekani zikiwa bado kwenye katoni. Vita vya vyuo vikuu vyao, lawama za rangi zao, majina ya vyama vyao. Kidahizo kinachokejeli watu wanaochagua viwakilishi vya kuitwa navyo hakiwezi kuchekesha kwa Kiswahili, kwa kuwa neno letu “yeye” halina kike wala kiume. Mwandishi analazimika kutumia mistari sita kueleza ugomvi kabla hajaucheka. Kipimo ni hicho: ugomvi ukihitaji kuelezwa kwanza, si wa wasomaji wako. Na inauma zaidi ukikumbuka yaliyoachwa nje. Hakuna wadau. Hakuna warsha. Hakuna basari, wala mheshimiwa, neno ambalo lingejaza ukurasa peke yake. Mjadala wa familia, ambao ndio kiini cha uhafidhina wa hapa, ungeweza kuanzia kifungu cha 45 cha Katiba yetu wenyewe, kinachoitaja familia kuwa msingi wa asili wa jamii, badala ya kesi za mahakama za ng'ambo.

Vidahizo vichache vinateleza kutoka kwenye dhana hadi kwenye watu: kabila moja limewekwa lenyewe kuwa kidahizo, na dhehebu moja dogo limepewa fasili ya matusi. Hapa sina huruma na mwandishi. Mbali na ubaya wenyewe, kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini ya hadi Sh1 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, na kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa maneno yanayokusudiwa kuumiza hisia za dini. Kejeli haiko juu ya sheria hizo. Ukipiga picha ukurasa ukautuma kwenye kundi la WhatsApp, unayesambaza ni wewe. Kuna pia sababu ya kifundi: fasili ya dhana humpa msomaji nafasi ya kujiona na kujirekebisha, ila fasili ya kabila humwachia mlango mmoja tu, wa hasira.

Kwa wanaotaka kuandika vyao, na najua vijana wa makanisani na wa vilabu vya mijadala wanafanya hivyo, kijitabu hiki kinafundisha zaidi kwa makosa yake. Anza na maana rasmi, iandike kwa mstari mmoja. Chini yake andika tukio halisi ulilolishuhudia neno likitumika. Tafuta neno moja linaloweza kukaa katika mistari yote miwili, kama mzigo kwenye harambee au hupigwa kwenye hasla. Hilo ndilo bawaba. Sasa futa kila kivumishi. Ikizidi maneno 25, ipunguze. Mwisho msomee mtu wa upande wa pili: akikasirika kwa sababu ni kweli, umefaulu, akikasirika kwa sababu umesema uongo, rudi mwanzo. Haki, kwa mfano, imefasiliwa humu kuwa “kitu anachodai mmoja na kulipwa na mwingine.” Maneno saba. Nimewaona watu wa mrengo wa kushoto wakiikataa kwa hoja, si kwa makelele.

Marejeo ya kutoka kidahizo kimoja hadi kingine (taz., yaani tazama) ni ovyo. Taz. baraka inakupeleka kwenye baraka, ambapo unaambiwa taz. mbegu, sawa, hiyo ni mbinu nzuri; lakini taz. ufufuo na taz. manifesto hazikupeleki popote kwa sababu vidahizo vyenyewe havimo. Inaonekana viliondolewa dakika za mwisho na hakuna aliyepitia tena.

Uchapaji nao una lake. Kurasa 64 zilizokunjwa na kupigwa pini mbili mgongoni ni karatasi 16 ndani ya nyingine, na karatasi za katikati husukumwa nje kidogo. Zikikatwa pamoja, pambizo ya kurasa za kati inabaki nyembamba. Hapa mpangaji wa kurasa hakulifidia hilo, hivyo kuanzia ukurasa wa 29 hadi wa 36 herufi za ukingo wa nje wa mistari zimekatwa kwenye baadhi ya nakala. Kabla ya kulipa Sh300, fungua pini zilipo, soma mstari mrefu zaidi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha sugua jalada kwa kidole gumba. Wino wa nakala za jalada lisilo na plastiki unabaki kidoleni. Omba zile zenye plastiki, bei ni ile ile.