Nimeifundisha Racket saa zetu: uzoefu wangu

Pale stendi ya Kange, Tanga, karani humwambia abiria basi linaondoka saa 11 alfajiri, huku tiketi imeandikwa 05:00. Nilikuwa naandika programu ndogo ya ratiba, na kubadili saa kichwani kila mara kukanichosha. Nikaona bora lugha yenyewe ya kuprogramu izijue saa zetu. Nikachukua Racket, ile iliyoitwa PLT Scheme hadi 2010. Ni ya bure.

Kazi yote ni makro moja, yaani kanuni inayogeuza ulichoandika kuwa kodi nyingine. Unaandika (saa 2 usiku), kompaila (inayotafsiri kodi kwa ajili ya kompyuta) inaigeuza kuwa 20 kabla programu haijaanza. Utamu wenyewe uko kwenye syntax-parse, chombo cha Racket cha kuandikia makro: unaweka sharti kwamba namba isizidi 12, na ujumbe wa kosa unautunga mwenyewe. Ukiandika (saa 13 usiku) unakataliwa papo hapo, kwa Kiswahili chako, na DrRacket, programu ya kuandikia kodi ya Racket, inapapaka rangi palipokosewa.

Majaribio nimeyaandika kwa rackunit, maktaba ya majaribio ya Racket, nayaendesha kwa amri ya raco test. Usiiamini kanuni ya haraka ya "si usiku, ongeza 6". Ikifika saa 12 asubuhi inatoa 18, yaani jioni! Saa hiyo hufunga hesabu ya usiku, kwa hiyo inaongezewa 18 kama saa nyingine za usiku, kisha inatolewa 24, inabaki 6. Saa 6 usiku nayo lazima itoe 0, siyo 24. Mpakani ndiko pa kupima. Saa 3 asubuhi haimsumbui mtu.

Kupima kwamba kompaila inakataa ni shughuli nyingine. Kosa la sintaksia huangusha faili zima hata kabla jaribio la kwanza halijaanza. Dawa yake ni convert-compile-time-error: inalichelewesha kosa mpaka programu ianze, ndipo check-exn, jaribio la rackunit linalotarajia kosa, ilidake.

Mabano ni mengi, utazoea. DrRacket inasuasua kwenye laptopu yangu kuukuu, kwa hiyo kazi nyingi nafanyia kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Maelezo ni Kiingereza kitupu, na sura za makro hazimhurumii mgeni. Anayeanza kabisa kuprogramu simshauri aingilie huku. DrRacket naifungua kwa ajili ya Macro Stepper tu, inayokuonyesha hatua kwa hatua makro inavyofumuliwa. Kwa hiyo moja naivumilia polepole yake.