Ngozi haili mwanga, kaka! Uzoefu wangu na picha za mahafali ufukweni

Nianze na ile sentensi, maana hasira yake haijanitoka. Mpiga picha kaangalia kioo cha kamera, kaona uso wa mdogo wangu umekuwa kiza kitupu ndani ya joho jeusi, na badala ya kugusa kamera akamgeukia mwenyewe: "Dada, ngozi yako inakula mwanga. Usijali, tutakurekebisha kwenye kompyuta." Mbele ya mama. Siku ya mahafali.

Kaka, ngozi haili mwanga. Ulimsimamisha Coco Beach, Dar es Salaam, saa 7 mchana, bahari nyuma yake, fremu imejaa anga na maji yanayomeremeta, kamera iko otomatiki. Mita ya kamera haijui uso ni kitu gani. Inapima mwanga wote iliouona na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati. Anga likiwa jingi inapunguza mwanga, na uso unazama. Dawa yake ni nusu dakika: ongeza fidia ya mwanga (ile +/- inayoiambia kamera ing'arishe au ififishe picha) hadi +1, piga, kisha kagua shavu, usikague mawingu. Anga likipauka, lipauke, hakuna aliyelipia picha ya anga. Anayetaka uhakika apime kwa nukta, yaani kamera isome sehemu ndogo tu, kwenye shavu lenyewe, ila kwa mtu mweusi ashushe tena fidia kidogo, kati ya -2/3 na -1, la sivyo kamera itavuta ngozi ifike kwenye kijivu chake na mtu atatoka amepauka kama kapakwa majivu.

Nakubali, zamani kulikuwa na sababu. Picha za filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa maabara kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na watu weusi walitoka vibaya kwelikweli. Kamera aliyokuwa nayo huyu bwana haina udhuru huo.

Halafu kofia. Kofia ya mahafali ni paa. Jua likiwa karibu utosini, kivuli chake kinaanzia kwenye nyusi mpaka puani, na macho yanakuwa mashimo mawili. Hapo unaisukuma nyuma kidogo na kumwambia mtu ainue kidevu, au unawasha flashi. Alikuwa nayo, imelala begini kama mgonjwa. ISO 100 (wepesi wa kamera kuona mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/200 ya sekunde, flashi ipigwe stopu moja chini ya jua, yaani nusu ya mwanga wake, basi, macho yanarudi. Usipandishe shata ovyo tu: kamera nyingi zikipita 1/200 au 1/250 bila flashi kuwekwa kwenye kasi ya juu, picha inakatwa na mkanda mweusi.

Nilipouliza kuhusu flashi ndipo akatoa riflekta, lile duara la kurudisha mwanga, na heri asingetoa. Upande wa fedha, kutoka magotini, umeelekezwa machoni. Mtoto wa watu akatoa machozi, wanja ukatiririka. Mwanga mkali wa kutoka chini unamfanya mtu aonekane kama anayesimulia habari za majini kwa tochi. Ungetumika upande mweupe, usawa wa kifua, hatua moja hivi kutoka kwake, umeinamishwa kidogo. Tena saa ile kilichotakiwa hakikuwa riflekta kabisa. Fungua zipu ya lile gamba la riflekta, ndani mna kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga. Kikingwe juu ya kichwa, kati ya jua na uso, vivuli vinalainika hapo hapo. Zipu yake sidhani imewahi kufunguliwa tangu inunuliwe.

Mpaka hapa nilikuwa natoa nyota moja, na hiyo moja ni ya parking.

Lakini nisiwe dhalimu. Bosi alipokwenda kupokea simu, kijana wake wa kubeba vifaa alimhamisha mdogo wangu chini ya mti wa mkungu bila kuambiwa na mtu. Hakumpeleka kwenye mivinje, ambayo inavujisha jua na kumjaza mtu madoa usoni. Mkungu una majani mapana, kivuli chake kimeshiba. Akamweka hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, uso unatazama nje kwenye anga wazi, ardhi ya mbele ni mchanga, siyo majani yanayorudisha ukijani kidevuni. Akarudi nyuma mita 3, lenzi ya milimita 85, f/2.8, fokasi kwenye jicho la karibu. Akampa tishu afute jasho kwa kugandamiza, asisugue. Akamwambia, "Funga macho dada, nikifika tatu fungua." Picha tano. Macho yana nuru, ngozi ina rangi yake yote, mng'ao wa shavuni ni laini. Nilitaka kufuta maneno yote ya juu na kuweka nyota nne.

Kisha tukaenda kuchukua albamu, wiki mbili baadaye au tatu, sikumbuki.

Wamempaka mkorogo wa kompyuta! Zile za bosi zote: uso rangi ya chapati, mikono ni yake mwenyewe. Wamefuta hata kovu lake la utotoni pale nyusini ambalo hakuna aliyelalamikia. Nikaomba faili za mwanzo, nikaambiwa ni JPEG tu, yaani picha zilizokwisha kubanwa, RAW, zile faili ghafi zenye data yote ya kamera, "zinajaza kadi". Kwa hiyo hata nikiinua vivuli kwa mkono wangu nyumbani, uso unakuja na chengachenga. Kitu cha kusikitisha zaidi, saa 10:30 jioni pale pale Coco jua linakuwa upande wa barabarani, limeshuka, linampiga usoni mtu aliyeipa bahari mgongo. Ukimgeuza kidogo pembeni umemaliza kazi. Niliomba muda huo wakati wa kuweka oda. Jibu: "Jioni tuna harusi."

Nyota moja, nairudisha. Yule kijana siku akifungua studio yake nampelekea mahafali, harusi na ubatizo. Albamu tumeibakiza: ukurasa wa kwanza mama kabandika picha ya mkungu juu ya ile ya mkorogo, kwa gundi ya shule.