Canon EOS R5: CFexpress Type B au SD ya UHS-II?

Kamera hii ina matundu mawili ya kadi za kumbukumbu: moja la CFexpress Type B, jingine la SD, ikiwemo UHS-II, aina ya SD yenye kasi zaidi. Anayepiga picha za harusi, mandhari au video ya kawaida ya 4K, SD ya UHS-II inamtosha kabisa. Bei yake ni nafuu zaidi, na kompyuta nyingi huisoma bila kifaa cha ziada.

Tofauti huonekana kwenye mpira na wanyama wanaokimbia. Picha za RAW (ghafi, zisizochakatwa na kamera) za megapikseli 45, 20 kwa sekunde, hujaza haraka mno bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera. Ikijaa, kamera inapunguza kasi hadi kadi imalize kuandika, na goli linakupita. UHS-II mwisho wake ni MB 312 kwa sekunde, tena kwa nadharia tu. CFexpress Type B hukaribia 2,000. Video ya 8K RAW inahitaji takribani MB 325 kila sekunde, kwa hiyo SD haiwezi kabisa.

Usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa kadi. Mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma. Kwa SD, tafuta alama ya V90: inahakikisha uandishi usioshuka chini ya MB 90 kwa sekunde. Igeuze pia, UHS-II ya kweli ina safu mbili za vibati vya rangi ya dhahabu nyuma.

Ukirekodi picha zilezile kwenye kadi zote mbili, kamera hufuata mwendo wa ile ya polepole.